"Sina cha Kuibiwa" Ni Kauli ya Hatari

Mwonye kijana anayeshusha filamu kwa torenti, awe Mwanjelwa jijini Mbeya au Kihesa mjini Iringa, atakujibu: "Mimi sina cha kuibiwa. Nani ahangaike na mtu kama mimi?" Kauli hiyo si kweli, na inawaponza hata watu wasiojua torenti ni nini.

Tuanze na hilo la "nani ahangaike na mtu kama mimi", kana kwamba mpakuaji haonekani. Torenti haina ghala moja la mafaili. Vipande vya filamu unayoipakua vinatoka kwenye kompyuta za watu wengine, na papo hapo kompyuta yako nayo inawagawia wengine vipande ulivyokwisha kupata. Ndiyo maana kila mshiriki huona anwani za IP za wenzake. Hilo halihitaji udukuzi: fungua orodha ya washiriki ndani ya programu yenyewe, utaziona zimepangana. Kampuni ya simu inaweza kujua anwani ile ilikuwa ya laini ipi, na laini zetu tulianza kuzisajili kwa alama za vidole mwaka 2019. Huko si kujificha.

Sasa hilo la kutokuwa na cha kuibiwa. Chukua kompyuta ya steshenari jirani na chuo. Mchana inajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB na ya ajira. Usiku, bando likiwa nafuu, inashusha filamu za kuwauzia wenye flashi asubuhi. Ndani ya folda moja utakuta cheti cha kuzaliwa kilichoskaniwa, kitambulisho cha mdhamini, matokeo ya kidato cha sita, na chini yake msimu mpya wa tamthilia. Nywila za wateja nazo zimehifadhiwa kwenye kivinjari ili kazi iende haraka. Mwenye kompyuta anasema hana cha kuibiwa, kumbe amekalia siri za mtaa mzima.

Mwizi hahitaji mlango mkubwa. Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho za jina la faili, kwa hiyo faili linaloishia na ".mp4.exe" litasomeka kama video. Ukilibofya, unaendesha programu ya mtu usiyemjua, na inaweza kuzoa nywila zote. Programu za kulipia zinazogawiwa bure kinyume cha sheria ndizo mbaya zaidi: maelekezo yake mara nyingi hukutaka kwanza uzime antivairasi. Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, utamkaribisha?

Hata programu ya kupakulia yenyewe si ya kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Mwaka 2015 watumiaji wa uTorrent walilalamika kwamba imewawekea Epic Scale, programu iliyotumia nguvu za kompyuta zao kuchimba sarafu za kidijitali. Machi 2016, programu nyingine ya torenti, Transmission, iliyopakuliwa kwenye tovuti yake rasmi ilikutwa na KeRanger, kirusi kinachofunga mafaili ya kompyuta za Mac na kudai fedha. Na mwaka 2010 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliziandikia karibu taasisi 100 kuwa taarifa za wateja na wafanyakazi wao zimevuja kupitia mitandao ya kugawana mafaili. Mwenye taarifa anaweza kuumia bila kupakua chochote.

Najua bando ni ghali na filamu nyingi hazitufikii kwa njia nyingine. Najua pia torenti ina kazi halali, kama kusambaza mfumo endeshi wa Linux. Lakini umaskini wa mpakuaji hauhalalishi kumweka rehani mteja aliyeleta cheti chake kwa uaminifu. Mdharau mwiba, mguu huota tende, na hapa mguu unaovimba ni wa mwingine.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo wenye steshenari, kompyuta ya nyaraka isiguse torenti kamwe. Futeni vyeti kazi ikiisha, wala msihifadhi nywila ya mteja. Vyuo vya Mbeya na Iringa viwafundishe wanafunzi hili wiki ya kwanza ya masomo. Nawe mteja, kabla hujakabidhi kitambulisho cha mzazi wako, uliza mashine hiyo usiku inafanya kazi gani. Usiporidhika na jibu, chukua karatasi zako uondoke.