Kitako cha Kielelezo na Hazina ya Uani



Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Matiliku katika Kaunti ya Makueni, ametuandikia juu ya kazi ya mkono aliyopewa mwanawe shuleni. Mtoto ametakiwa kuunda kielelezo cha boma: nyumba, zizi, kisima na njia, vyote vikae juu ya kitako kimoja. Nyumba imekwisha kwa maboksi ya viberiti. Kilichowashinda ni kukipamba hicho kitako. Dukani ameonyeshwa zulia la nyasi za plastiki, changarawe za rangi na kopo la rangi ya kupuliza. Jumla yake, asema, yazidi masurufu ya siku mbili. Auliza kama mwanawe atadharauliwa akipeleka kazi iliyopambwa kwa vitu vya bure.

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika kote nchini mwaka 2019, swali hili limeingia katika nyumba nyingi. Mtaala wenyewe unahimiza vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mwanafunzi. Gharama, kwa maoni yangu, imeletwa zaidi na haya zetu sisi wazazi, tusiopenda kielelezo cha mwanetu kionekane kikiwa kando ya cha jirani. Na boma la Ukambani likitandikwa zulia la kijani kibichi, mwalimu yeyote aliyewahi kuuona mwezi wa Septemba huko atajua kwamba mtoto hakutazama nje ya mlango.

Basi tuanze na bapa la chini. Katoni moja hujikunja mara tu inapopata maji ya gundi. Zikatwe mbili zilizo sawa, zigandishwe pamoja huku mistari ya ndani ya moja ikikatana na ya nyingine, kisha zilaliwe na vitabu vizito usiku kucha. Upande wa chini nao upakwe gundi kidogo, ili pande zote mbili zivutane sawasawa wakati wa kukauka.

Ardhi yenyewe dada yetu anaikanyaga kila siku. Udongo mwekundu ukaushwe juani, utwangwe, upitishwe katika kichujio cha chai. Unaopita ndio ardhi, na chembe zinazobaki juu ni mawe ya boma. Hapa watu wengi hukosea kipimo: kokoto ambayo mkononi ni ndogo huwa jabali ikiwekwa kando ya nyumba ya kiberiti. Udongo wa kichuguu, kwa kuwa ni laini na hushikana, wafaa kusiriba kuta na kuinua ukingo wa kisima. Makaa yaliyopondwa hutoa rangi ya njia ya lami, na majani ya chai yaliyokwisha kupikwa na kukaushwa vizuri hufanana na samadi ya zizini.

Mchanga wauhitaji neno la peke yake. Makueni ni nchi ya mito ya mchanga, na mchanga huo ndio unaohifadhi maji baada ya mvua kupita. Uchotaji wa malori umezua ugomvi mkubwa huko, hata damu ikamwagika, na kaunti ikatunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Kikombe cha mtoto si lori. Hata hivyo ukingo wa mto una mwenyewe, na kumwomba ruhusa hakugharimu kitu.

Kwa nyasi, nyuzi za mkonge hazina mshindani. Wanawake wa Ukambani wanaosuka viondo hubakiwa na vipande vifupi visivyofaa kusukwa. Vikatwe urefu wa punje ya mchele, vinyunyizwe juu ya gundi mbichi, kisha kitako kigeuzwe ili visivyoshika vidondoke. Rangi yao ya kahawia iliyofifia ndiyo rangi ya malisho ya kiangazi. Anayetaka kijani atumie unga wa mbao uliotiwa rangi ya chakula na kuanikwa. Wala hilo si jambo la kimaskini: waundaji wa reli ndogo za maonyesho huko Ulaya na Marekani walitandaza nyasi zao kwa unga wa mbao uliotiwa rangi miaka mingi kabla ya viwanda kuwauzia kitu kingine.

Wasomaji wa Mombasa wasidhani wameachwa. Changamwe kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba, na penye wachongaji hapakosi unga wa mbao. Wa mpingo ni mweusi, wafaa kwa udongo wa bonde. Mtoto afunge kitambaa puani anapouchekecha, maana vumbi lake huwasha. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa hufanya kazi ya mkonge. Mchanga wa pwani uoshwe kwa maji ya mvua au ya bomba mara tatu na kukaushwa, kwani chumvi iliyomo huvuta unyevu na gundi haikauki.

Gundi ndiyo kitu kimoja ninachoshauri kinunuliwe. Gundi nyeupe ya mafundi seremala, kopo dogo, ikichanganywa na maji kiasi sawa hutosha vitako kadhaa, hivyo majirani wawili waweza kuchangiana. Uji wa unga wa ngano hushika pia, ila huota ukungu na huita mende. Kwa kazi ya kukaa shuleni muhula mzima sipendekezi.

Kuhusu alama, dada yetu amwulize mwalimu mapema anachokipima. Na mikono yake mwenyewe aizuie. Mtoto atamwaga udongo, njia itapinda, nyasi zitaota juu ya paa. Mwalimu akimwuliza kwa nini kisima kiko bondeni na zizi liko mbali nacho, atakayejibu ni yule aliyekipanga.

Kitako kikauke siku mbili kivulini. Jua kali hupasua udongo. Ukipasuka, nyufa zizibwe kwa udongo uleule uliolowekwa katika gundi.

Barua ya msomaji wa Malindi kuhusu sare za watoto tutaijibu wiki ijayo, in sha Allah.