"Ni hasol tu" haitoshi, bana

Kuna msee namjua ana nyumba tatu za Airbnb Kilimani. Wikendi zote zimejaa. Lakini taja KRA uone anavyogeuka mnyonge: "Aki hii ni hasol tu."

Hasol? Mama mwenye bedsita kumi Githurai anatakiwa kulipa ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi yote anayokusanya (hadi mwisho wa 2023 ilikuwa 10). Ni ya kodi yote, si faida. Choo kikiziba, fundi ni juu yake. Hesabu ya wageni wa kulala inaweza kuwa tofauti, lakini mapato ni mapato, na yanafaa kuwa kwa ritani yako kabla Juni 30 ipite.

Najua mtaniambia nini. "Si wewe ulikuwa tauni Juni 2024 ukipiga kelele?" Nilikuwa, na ningerudi. Tulikataa mswada wa kuumiza watu kwa mkate. Hatukuenda kukula teargas ndio wenye nyumba za elfu sita kwa usiku wasilipe kitu.

Halafu ushuru hata sio kinachoniuma sana. Mwaka jana tulikodi nyumba kwa bathdei ya beshte yangu. Mwenyewe hakuuliza jina. Nilituma pesa kwa M-Pesa, akanitumia namba ya mlango, basi. Tuliingia watu saba. Soja aliuliza tu, "Airbnb?" akafungua geti. Usiku huo niliona poa sana. Baadaye nikakumbuka Januari 2024, wasichana wawili waliouawa kwa nyumba kama hizo hapa Nairobi, na vile tuliandamana mwezi huo huo ukiisha. Kama kitu kingetupata, polisi wangeanzia wapi?

Sheria ya Utalii ya 2011 inataka uwe na leseni ya TRA kabla ya kulaza wageni. Ukiwa na leseni kuna mtu anajua uko wapi. Na ukichukua picha ya kitambulisho changu, usiiache kwa WhatsApp ya keateka. Kuna sheria ya data tangu 2019.

Wiki hii nimeandikia wenye nyumba watano nikiuliza namba ya leseni. Wawili wamenitumia. Wawili wamesoma wakanyamaza. Mmoja amenibloku, na bado anapost "weekend offer".