Jikoni Pasipo na Jiko

Juma hili twawapeleka Ujerumani, lakini tutaitazama kwa jicho la familia ya Kimarekani iliyohamia huko. Hatuwasemi wanajeshi wa Ramstein, ambao wana maduka yao ya Kimarekani ndani ya kambi. Twawasema waliokwenda kwa kazi za kiraia, wakapanga nyumba mtaani miongoni mwa Wajerumani. Mtu hudhani kwamba Mzungu kwa Mzungu hawana la kushangazana. Sivyo hata kidogo.

Mshangao wa kwanza humpata mama siku ya kukabidhiwa ufunguo. Aingia jikoni, haoni jiko. Nyumba nyingi za kupanga nchini humo hutolewa kuta tupu: hamna jiko la kupikia, hamna kabati, pengine hata sinki la kuoshea vyombo hamna, na mahali pa taa pananing'inia nyaya. Mpangaji aliyetoka amebeba vyake, au ataka kumuuzia anayeingia. Marekani nyumba hupangishwa na jiko lake, na mara nyingi na friji pia, kwa hivyo mama huyo huanza kupiga hesabu ya gharama asiyoitarajia. Na kabla hajapata pa kuinjika sufuria, sheria yamtaka aende ofisi ya mji akaandikishe makao yake katika muda wa majuma mawili.

Kisha yaja Jumapili. Mmarekani amezoea duka lililo wazi siku 7, mengine usiku na mchana. Ashika kapu kwenda kununua maziwa, akuta mji mzima umefungwa. Hiyo si desturi tu, bali ni jambo la katiba. Katiba ya Weimar ya mwaka 1919, katika kifungu cha 139, iliilinda Jumapili kuwa siku ya mapumziko, na Katiba ya 1949 ikakichukua kifungu hicho kama kilivyo. Tangu 2006 kila jimbo laweza kupanga lenyewe saa za maduka, lakini Jumapili imebaki na heshima yake. Mwenye kusahau maziwa hukimbilia duka la stesheni ya reli au la kituo cha petroli, na bei zake azivumilie.

Hata hivyo, zito kwa mgeni si kufungwa kwa maduka. Zito ni ukimya. Siku hiyo hakukatwi nyasi kwa mashine, hakutobolewi ukuta, wala hazitupwi chupa katika mapipa ya vioo ya mtaani, kwa kuwa mlio wake humuudhi aliyepumzika. Usiku nao, kuanzia saa 4 hadi saa 12 asubuhi, hali ni hiyo hiyo. Ukikosea, jirani atabisha hodi akwambie, bila tabasamu na bila matusi. Mmarekani aliyekulia katika nyumba yenye uwanja wake huliona hilo kuwa ni ufidhuli. Sisi tunaoishi ukuta kwa ukuta, ambao spika za harusi hutuvumia hadi usiku wa manane hali nyumba ya pili mna mgonjwa, huenda tukamwelewa Mjerumani kuliko yeye.

Mambo ya taka tutayapita mbio. Karatasi zina pipa lake, maganda ya chakula lake, vifungashio lake. Na chupa ya plastiki ya soda ina amana ya senti 25 za yuro, ambazo hurudishiwa ukiirejesha dukani. Watoto hulipenda sana hilo.

Lililo kubwa kwa maoni yetu ni la mtoto mwenyewe. Mwishoni mwa 2014, katika jimbo la Maryland huko Marekani, watoto wawili wa miaka 10 na 6 walikuwa wakirudi nyumbani kutoka bustanini bila ya mtu mzima. Polisi waliwachukua, na wazazi wakachunguzwa na maafisa wa ulinzi wa watoto. Ujerumani, mtoto wa darasa la kwanza kwenda shule kwa miguu pamoja na wenzake ni jambo la kawaida. Polisi huko huja shuleni kuwafunza kuvuka barabara, na shule nyingi huwasihi wazazi wasiwalete kwa gari mpaka langoni. Mama wa Kimarekani atahitaji moyo kuuachia mkono wa mwanawe.

Naye akitulia ataona kwamba jirani aliyembishia hodi Jumapili ndiye yule yule atakayemkemea mtu mzima anayevuka kwenye taa nyekundu mbele ya watoto. Kero ile na amani hii zimetoka mlango mmoja.

Siku ya kuanza shule mtoto hupewa pia kubwa ya karatasi ngumu, hukaribia kumfika kifuani, imejazwa peremende na penseli. Siku hiyo wazazi na mababu humsindikiza. Baada ya majuma machache, huenda na wenzake.