Vindege vya vita vya kuchezea



Juma lililopita tulipata barua ya kijana mmoja wa shule ya sekondari, aandikaye kutoka upande wa Fizi. Mjomba wake anakaa Ubelgiji, naye amemtumia picha ya kindege alichokitengeneza kwa saa zake za mapumziko: ndege ya vita, lakini ndogo, mabawa yake metri moja na kidogo toka ncha hata ncha, yenye mota ya umeme, inayoruka kweli na kuongozwa kwa redio na mtu aliyesimama chini. Kijana alifurahi mno, akamwonyesha babu yake ile picha katika simu. Mzee akaitazama kitambo, akainuka, akatoka nje, chakula chake akakiacha sahanini. Jioni alisema neno moja tu: “Hiyo naijua.” Basi kijana anatuuliza mambo mawili. Vindege hivyo vyatengenezwaje? Na je, ni vibaya kuvichezea?

Tutaanza na swali la kwanza, maana asiyejua kazi ya kitu hawezi kukihukumu kwa haki.

Ndege iliyoigwa na mjomba huyo ni T-28, ya kiwanda cha North American cha Marekani. Iliruka mara ya kwanza mwezi wa Septemba 1949. Nayo haikuundwa kwa vita. Ilikuwa ndege ya shule. Mwanafunzi alikaa mbele na mwalimu nyuma yake, kila mmoja na usukani wake. Kwa sababu hiyo waundaji waliipa tabia ya upole: magurudumu matatu, moja likiwa chini ya pua, ili ikimbie sawasawa uwanjani, na mabawa yaliyoinuka kidogo kuelekea ncha, ili ikilalia upande isaidiwe kujinyosha. Watu wa vindege wanaijua sana tabia hiyo. Mtu akitaka kuanza na ndege ya vita, wenzake humshauri mara nyingi achukue T-28 kabla ya Spitfire ya Waingereza, ijapokuwa Spitfire ni nzuri zaidi machoni. Spitfire ina magurudumu mawili yaliyokaribiana mno na kigurudumu kidogo mkiani. Mwanzishaji akiongeza nguvu ghafla, inageuka upande, au inachomeka pua katika majani na kuvunja rafadha, yaani lile pangaboi la mbele.

Zamani vindege hivi vilijengwa kwa balsa, mti mwepesi sana wa Amerika ya Kusini, vikavikwa karatasi au hariri. Wako wanaojenga hivyo hata leo, nao huwatazama wengine kwa dharau kidogo. Lakini vingi sasa ni vya povu gumu, jamaa ya lile jeupe linalozunguka televisheni katika kasha lake. Ndani mna betri, mota, kipokezi cha redio kilicho kidogo kuliko kiberiti, na vijimota vinne au vitano viitwavyo sevo, ambavyo huvuta vibao vya mabawa na vya mkia. Mwongozaji hushika kisanduku chenye vijiti viwili. Zamani watu wawili wakitumia masafa yale yale ya redio uwanjani, kindege kimoja kilianguka bila kosa la mwenyewe. Siku hizi vyombo vingi hufanya kazi katika gigahezi 2.4, na kila kipokezi humtambua bwana wake. Hata hivyo shida moja haijaondolewa na fundi yeyote: kindege kikikuelekea, kushoto kwake ni kuume kwako. Hapo ndipo wengi huvunja.

Sasa tufike kwenye kubadilisha, ambako ndiko hasa kijana anatuuliza. Mjomba huyo hakuridhika na kindege kama kilivyotoka dukani. Alitia mota yenye nguvu zaidi na betri kubwa zaidi. Akatia magurudumu yanayojikunja. Akachora mistari ya mabati na alama za moshi ubavuni. Akamkalisha rubani wa plastiki. Akafunga chini ya mabawa mapipa madogo ya kuigiza yale ya roketi. Kila kimoja ni kitu kidogo. Lakini hewa hupokea jumla.

Wanafunzi wetu waweza kupiga hesabu hii wenyewe. Ukiigiza ndege kwa kupunguza urefu wake mara 10, eneo la mabawa lapungua mara 100, nao uzito, kama vifaa ni vile vile, wapungua mara 1,000. Kwa hiyo kilicho kidogo chaweza kuruka polepole, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo, maana polepole ndiko kunakompa mtu nafasi ya kufikiri. Lakini mwenye kindege akianza kurudisha uzito, neema hiyo yapungua. Kasi ya chini kabisa inayoweza kukibeba hupanda kwa kipeuo cha pili cha uzito. Kindege cha kilo moja kikiongezwa gramu 440, sharti kiende kasi zaidi kwa sehemu 20 katika 100, la sivyo bawa moja litaacha kukibeba, nacho kitapinduka. Hilo hutokea hasa wakati wa kutua, kikiwa chini na mwendo wake umepunguzwa.

Tena si uzito tu, bali na mahali unapokaa. Ukiweka vidole viwili chini ya mabawa, kama robo ya upana wa bawa hata theluthi toka ukingo wa mbele, kindege sharti kisimame sawa. Kikiwa kizito mkiani, hakitawaliki. Mafundi wengine hutia risasi puani ili kurekebisha (twasema lile madini zito, si ile ya bunduki).

Sisi wenyewe tulipokuwa masomoni Ubelgiji tulialikwa Jumamosi moja kwenye uwanja wao, penye majani yaliyokatwa vizuri. Mzee mmoja mstaafu alikuja na Spitfire aliyoijenga miaka minne, wakati wa baridi. Alikuwa ameipaka rangi upya mkiani, akasogeza betri nyuma kidogo ili kifuniko kifunge vizuri. Hakuipima tena. Ilipaa vizuri, ikanyanyua pua, ikazidi kunyanyua, ikalala mgongo, ikashuka. Yote hayo hayakuchukua muda wa Baba Yetu moja. Hakusema neno. Alikwenda na mfuko wa viazi akaokota vipande, na wa kwanza aliokuwa akitafuta ni betri, kwa maana betri hizo za lithiamu zikipasuka zaweza kuwaka moto majanini. Alipoipata alikaa chini akacheka. Tulimpenda mtu yule.

Lakini yako mabadiliko mengine ya T-28, ambayo hayakufanywa na wastaafu. Katika miaka ya 1960 Wamarekani walichukua ndege hizo za shule zilizokuwa na injini ya nguvu-farasi 800, wakatia ya 1,425, wakaongeza chini ya mabawa mahali pa kufungia bunduki za mtombo, mabomu na roketi. Zilizobadilishwa hivyo ziliitwa T-28D. Mwaka 1964 na 1965, wakati wa maasi ya Simba, T-28 zililetwa Kongo kuisaidia serikali. Marubani wengi walikuwa Wacuba waliokimbia nchi yao, walioajiriwa na shirika la ujasusi la Marekani. Ziliruka mashariki yetu, hata Fizi na juu ya ziwa Tanganyika. Hivyo kijana asistaajabie chakula kilichoachwa. Babu yake alikuwa mtoto. Kile ambacho kwa mjomba ni umbo zuri lenye pua nene, kwa mzee ni mlio uliowakimbiza watu mihogoni.

Kuna aonaye kwamba mchezo ni mchezo na vita ni vita, navyo havikutani. Historia haisemi hivyo. Mwaka 1937, huko Kalamazoo katika Marekani, ndugu mapacha Walter na William Good walirusha kindege chao kwa redio, nacho leo kimewekwa katika makumbusho ya Smithsonian. Wakati ule ule mwigizaji wa sinema Reginald Denny, Mwingereza aliyekuwa ameona vita ya 1914, alikuwa na duka la vindege vya kuchezea huko Hollywood. Kutoka dukani humo alianzisha kiwanda cha Radioplane, kilichounda kwa ajili ya jeshi ndege zisizo na rubani, za kufundishia askari kulenga shabaha. Wakati wa vita ya pili ziliundwa karibu 15,000. (Mmoja wa wasichana wa kiwanda hicho, aliyepigwa picha akiwa kazini, ndiye aliyejulikana baadaye kwa jina la Marilyn Monroe.) Na leo nani asiyejua vindege vinavyobeba mabomu? Kipokezi, sevo, betri, vyote ni ndugu wa vile vya uwanja wa Jumamosi. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya mwaka 2018 inakataza mtu kurusha ndege isiyo na rubani iliyofungwa silaha ya kweli, na faini iliyowekwa wakati huo iliweza kufika dola 25,000.

Je, ni vibaya basi? Kijana wetu, hatuwezi kukuambia kwamba mjomba wako atenda dhambi. Tuliwaona watu wale. Ni wenye subira, husaidiana, humfundisha mtoto wa jirani bila malipo, na wengi wao wajua historia kuliko sisi walimu. Kuigiza ndege ya vita si kupenda vita, kama vile kuchora simba si kula watu. Lakini yale mapipa ya roketi yanatusumbua kidogo. Kila gramu ya kindege ilipimwa, ikaulizwa: wafanya nini hapa? Roketi nazo zaweza kuulizwa hivyo hivyo. Si kwa sababu ni nzito. Ni kwa sababu zilikuwa na kazi, nayo kazi hiyo ilifanyika mahali fulani, juu ya watu fulani.

Kwako wewe tuna neno la wazi. Mjomba akikuletea kindege hicho, usikirushe huko kwenu. Katika nchi ambamo watu hutazama juu kwa hofu, na askari hupiga kwanza wakauliza baadaye, kitu chenye umbo la ndege ya vita hakina nafasi ya kujieleza. Omba ruhusa kwa wakuu, nao wakikataa, tii. Lakini kujifunza hakukatazwi. Tafuta povu gumu katika kasha la televisheni, kata bawa la sentimetri 50 na mkia, uviunge kwa kijiti chepesi cha mwanzi, bila mota na bila redio. Tia udongo wa mfinyanzi puani kidogo kidogo, ukirusha taratibu kutoka mkononi, mpaka kiteleze hewani bila kunyanyua pua wala kuinamisha. Utaharibu vitatu au vinne. Ukikipata cha tano, umejua karibu nusu ya yale ayajuayo mjomba wako.

Liko jambo la mwisho, nalo twaomba umwandikie mjomba. Katika mashindano ya kimataifa ya vindege vya kuigiza, waamuzi hawakubali ndege yoyote ya kubuni tu. Mshindani sharti alete michoro, picha na ushahidi wa rangi: kila alama iwe ya ndege fulani iliyokuwapo kweli. Mjomba wako amepaka yake kijivu, wasema, kwa kutazama picha ya kitabu. Mwambie kwamba nyumbani kwao yuko shahidi. Nawe, babu akiwa na moyo wa kusema, usimlazimishe, keti naye umwulize: ilikuwa rangi gani? Ilitokea upande gani, ziwani au mlimani? Zilikuwa ngapi? Nani alikuwa naye mihogoni? Andika kama anavyosema, bila kusahihisha. Nakala moja mpelekee mjomba kabla hajapaka rangi tena, na nyingine, mzee akiruhusu, tuletee sisi.