*TAARIFA YA TAWI: MAJI YASIYOPIMWA TUNAYANYWAJE?*



Kwenye kikao cha Jumapili, vijana wetu watatu wa kidato cha sita waliomba tawi liwachangie nauli, Sh. 180,000, wakajifunze kwenye maabara ya chuo kubuni kipimo cha metali nzito kwenye maji kwa kutumia bakteria. Walichekwa. Mmoja wetu alisema hayo ni mambo ya Wazungu. Mwingine akasema maji ya kisima chetu ni safi, kila mtu anaona. Hatuwezi kulinyamazia hili.

*Kwanza, macho hayapimi sumu.* Bangladesh walichimbiwa visima vya pampu miaka ya 1970 ili watoto wasife kwa kuhara. Maji yalikuwa maangavu. Arseniki ikaja kugundulika mwaka 1993, mamilioni wakiwa wameshainywa. Baadaye pampu zilipakwa rangi, nyekundu kwa hatari na kijani kwa salama. Kilichozitenganisha ni kipimo.

*Pili, wanafunzi wanaweza.* Mwaka 2006 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walibuni kipimo kwa ajili ya visima vya aina hiyo. Bakteria aina ya E. coli ana swichi ya asili inayofunguka arseniki ikiingia. Waliiunganisha na jeni ya kuchachusha sukari ya maziwa. Arseniki ikiwepo, asidi inaongezeka na kiashiria cha asidi kinaonyesha. Bakteria wana swichi ya zebaki pia. Na sisi wa mialo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa tunajua zebaki inamwagwa wapi na ndoo zinatekwa wapi. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Je, kisima chetu kimeshapata taarifa?

*Tatu, tusidanganyane.* Kipimo hakisafishi maji. Bakteria waliobadilishwa hawatoki maabara bila kibali, na hatuahidi kifaa kesho. Wala vijana wasigeuzwe kisingizio cha wenye dhamana. Ofisi iliyochukua sampuli za kisima chetu mwezi Machi haijaleta hata karatasi moja. Kupima ni kazi yake, si hisani.

Ndugu zangu, tawi hili halipitishi matumizi ya Sh. 5,000 bila risiti. Mweka hazina akileta hesabu ya mdomo tunamrudisha. Iweje maji ya watoto wetu tuyapokee kwa mdomo? Fulana za mwaka jana zilitugharimu mara tatu ya nauli ya vijana hawa, na hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo Kamati ya Tawi imeazimia:

1. Nauli ya vijana ilipwe, na wakirudi watoe taarifa mbele yetu.
2. Majibu ya sampuli yadaiwe kwa barua na yabandikwe ubao wa ofisi ya kijiji.
3. Kila mwanachama ahudhurie mkutano mkuu wa kijiji na aulize swali moja tu: *kipimo kinasemaje?*

Mwenye hoja ya kupinga aje nayo kikaoni, ila aje na namba. Kicheko hakiingii kwenye muhtasari.

*Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi.*
Tafadhali mfikishie na mwanachama asiye na simu.