TANGA NI MLANGO, NA SISI NDIO MABAWABU

Mlango wa nyumba husifiwa kwa ubao wake na nakshi zake; lakini mgeni aliyebisha hodi asifunguliwe hayakumbuki hayo. Hukumbuka jinsi alivyosimama juani.

Siku hizi bandari ya Tanga yasemwa kwa fahari, nasi twakiri kuwa yastahili. Reli ilianza kujengwa hapo mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, ikawa njia ya kuteremshia mkonge na kahawa. Ila maji ya gatini yalikuwa haba. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, na shehena ikaletwa kwa matishari, ikashikwa mara mbili kabla ya kukanyaga nchi kavu. Kwa kazi iliyoanza mwaka 2019 bahari ilichimbwa hata kina cha meta 13, na gati la urefu wa meta 450 likatengenezwa ili meli zifunge kando yake. Tena Chongoleani, karibu na mji, ndipo palipochaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta litokalo Hoima, Uganda, mwendo wa kilometa 1,443.

Hayo yote ni kazi ya fedha na mitambo. Lakini mtambo wa kuchimba bahari hauwezi kumhimiza karani. Mzigo ukisha kushushwa, hungoja hati: ushuru ukadiriwe, mkaguzi atie sahihi, karani wa gati autoe. Siku ukilala ghalani, mfanyabiashara hulipa. Naye huongeza malipo hayo katika bei, na mwisho hulipwa na mama anunuaye dukani Lushoto au Babati. Tena mfanyabiashara wa Arusha hakufungwa kamba na Tanga. Mombasa iko kaskazini, Dar es Salaam iko kusini, naye atapeleka mali yake asikosumbuliwa.

Twayajua majibu ya wenzetu: kazi ni nyingi, watu ni wachache, kompyuta husimama, mshahara hautoshi. Malalamiko haya ni ya haki, na chama hakitaacha kuyafikisha kwa wakubwa. Lakini hayampi mtu ruhusa ya kulaza faili chini ya mafaili mengine mpaka mwenyewe atie mkono mfukoni. Wako pia wasemao "haraka haraka haina baraka". Hao wamesahau kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo.

Basi yatupasa mambo matatu. Hati iliyo sahihi ipite siku ile ile. Hati yenye kasoro irudishwe na kasoro zake zote zimeandikwa mara moja, si moja leo na nyingine kesho. Na ada isiyo na stakabadhi isipokelewe kabisa.

Mwaka 1922, katika mji huo huo wa Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Siku zile karani Mwafrika alitafuta heshima kwa waliomtawala. Leo heshima hiyo i mikononi mwa yule asimamaye mbele ya dirisha letu na makaratasi yake. Tumfungulie mlango.