Panadol na Dawa ya Mafua

Atafutaye habari za dawa mtandaoni na aanze na jina la kitaalamu, lile lenye maandishi madogo kwenye pakiti. Panadol ni parasetamoli, nazo dawa nyingi za mafua zina parasetamoli hiyo hiyo. Mama ampaye mtoto zote mbili usiku mmoja huenda amemzidishia kipimo. Ini huumia, na dalili huchelewa. Jina hilo litafutwe katika MedlinePlus, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, isiyo na matangazo ya biashara. Kiingereza chake ni chepesi; kijana wa sekondari atawasomea wazee. Ama ujumbe wa WhatsApp usio na mwenyewe, hata ukianza kwa Bismillahi, tuuchunguze kama tulivyoamrishwa katika Suratul Hujurat, aya ya 6. Kipimo cha mtoto aulizwe mfamasia, kwani hufuata uzito wake.